Pampu ya Baba

Ndugu msomaji, iwapo nyumbani kwako kuna chupa ya losheni yenye kichwa cha kubonyeza, basi unayo pampu, ingawa huenda hujapata kuiita kwa jina hilo. Chupa ikiwa mpya, ukiibonyeza mara ya kwanza hakitoki kitu. Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu husikia pumzi tu. Wapo wanaoitikisa, na wapo wanaomlaumu mwenye duka. Kisha, mara ya tano au ya sita, losheni huruka ghafla kiganjani kana kwamba hapakuwa na shida yoyote. Kilichokuwa kikitoka kabla ya hapo ni hewa, na pampu haina budi kuimaliza hewa iliyomo ndani yake kabla ya kuanza kazi iliyoundiwa. Ukikifungua kichwa hicho (usikifungue kabla losheni haijaisha, usije ukagombana na wenye nyumba) aghalabu utakuta ndani yake gololi ndogo, pengine ya chuma kisichoshika kutu, pengine ya kioo. Gololi hiyo huinuka kuipisha losheni ipande, kisha huketi juu ya tundu lake kuizuia isirudi ilikotoka.

Gololi mbili za namna hiyo hivi sasa zinafanya kazi Morogoro, ndani ya pampu ya maji iliyo fupi kuliko kidole changu cha shahada. Pampu hiyo ni ya injini ndogo ya mvuke aliyoiunda baba yangu kwa mikono yake. Kuifanya ipige maji kulituchukua Jumamosi saba, na leo ningependa kukueleza kwa nini.

Baba aliingia kazini reli mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 19, zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 akabaki upande wa Tanzania, akaendelea na ufita mpaka alipostaafu. Magarimoshi ya mvuke aliyakuta yakiwa katika miaka yake ya mwisho, lakini aliyakuta, na jambo hilo hachoki kulitaja. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, iliendeshwa kwa mvuke kwa miaka mingi. Na mwenye kusema mvuke amesema maji. Siku hizi mimi humwendea kwa treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Nilipomsimulia kwa mara ya kwanza jinsi tulivyofika kwa muda usiotimia saa mbili, alifikiri kidogo, kisha akaniuliza: “Na maji inajazia wapi?” Nadhani alikuwa akitania.

Injini yake ameijenga kidogo kidogo tangu alipostaafu. Silinda ina kipenyo cha milimita 20. Gurudumu zito linaloipa mwendo wa kutulia ni la cherehani iliyokufa zamani. Boila ni kipande cha bomba nene la shaba nyekundu, chenye vifuniko vilivyolehemewa kwa lehemu ya fedha, na hubeba maji yasiyofika nusu lita. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa pampu, ndipo macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Umbo la mtu hulitambua, mwanga wa dirisha huuona, bali meno ya nati hayaoni tena.

Kwetu tuko watatu, kaka zangu wawili nami kitinda mimba. Kaka zangu walifundishwa kushika tupa. Mimi nilifundishwa kushika taa. Silisemi hili kwa kinyongo, maana ndivyo zilivyokuwa nyumba nyingi, na kwa hakika mshika taa huona mengi kuliko anavyodhaniwa. Lakini kuona si kutenda. Sasa kaka mmoja yuko Mwanza na mwingine Mbeya, kila mmoja na kazi zake, na hivyo zamu ya mikono ikanifikia mimi ambaye riziki yangu ni kalamu. Baba hakuniomba. Nilipokwenda kumwamkia Jumamosi moja alinipa spana ndogo mkononi, akasema, “Mama, hebu fungua hiyo.” Huniita mama kwa kuwa nina jina la marehemu bibi yangu, mzaa baba.

Aliyeniomba ni mama yangu, tena jikoni, kwa sauti ya chini. Kumbe baba alikuwa amekwisha kuahirisha upasuaji wa macho mara mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akishatolewa mtoto wa jicho hukatazwa kuinama na kukaa kwenye vumbi kwa majuma kadhaa, na injini ingelala tena, na yeye umri wake hauruhusu kulaza mambo. “Ikamilishe hiyo pampu,” mama akaniambia, “baba yako akatibiwe.” Basi utaona, msomaji, kwamba kwangu mimi kile kipande cha shaba hakikuwa mchezo wa wazee.

Huenda ukauliza kwa nini asiijaze boila maji, akaiwasha, akaiona injini yake ikizunguka, akaridhika. Wengi hufanya hivyo. Baba hakutaka kulisikia wazo hilo. Boila ile alikwisha kuijaribu kwa maji baridi kwa presha mara mbili ya ile itakayofanyia kazi, kama ilivyo desturi, nayo haikuvuja hata tone. Lakini haikuwa imepata kuona moto. Kati ya maji yote yanayoingia ndani yake, ni kama mililita 150 tu zinazoweza kutumika kabla usawa haujashuka na kuziacha wazi bomba zinazopitisha moto. Injini hula mililita 15 hivi kwa dakika. Piga hesabu: dakika 10 tu. Shaba iliyofunikwa na maji haiwezi kupata joto la kupita kiasi, kwa sababu maji hulibeba joto lote na kuligeuza mvuke. Shaba iliyoachwa wazi hulainika, na boila ikilainika huku imebeba presha, aliye karibu nayo yumo hatarini. “Moto hauna subira,” alisema. “Maji yatangulie.” Zaidi ya hayo, kwake injini isiyoweza kujilisha maji ni mwanasesere.

Nilimtajia injekta, kile chombo kilichovumbuliwa na Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858, ambacho huyaingiza maji katika boila kwa nguvu ya mvuke wenyewe bila pistoni wala gurudumu. Magarimoshi aliyoyahudumia yalikuwa nayo. Alicheka. Katika injini ya ukubwa huu matundu ya injekta hayafiki hata milimita moja, na chembe moja ya uchafu huyaziba. Pampu angalau huweza kufunguliwa na kusemezwa.

Pampu yenyewe ni rahisi kuieleza. Ni kijiti cha chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 6, kinachoingia na kutoka ndani ya tundu la kipande cha shaba ya manjano kwa mwendo wa milimita 8, kikisukumwa na kisahani kilichofungwa kando kando kwenye mhimili wa gurudumu. Chini kuna gololi ya kuingizia maji, juu kuna gololi ya kuyatolea. Kwa kila pigo hutoa maji chini kidogo ya robo ya mililita. Yaani hupiga mara 22 na ushei kujaza kijiko cha chai. Husema watu kwamba pampu huvuta maji. La hasha. Kijiti kinapotoka hupunguza tu presha ya ndani, na hewa inayoyalemea maji ya nje kwenye kopo ndiyo inayoyasukuma yapande. Mwitaliano Evangelista Torricelli alilieleza hilo mwaka 1644, kwamba sisi sote tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa yenye uzito. Uzito huo huweza kuinua maji yapata mita 10, wala hauzidi, hata pampu iwe nzuri vipi. Kopo letu lilikuwa sentimita 20 chini ya pampu. Kwa hiyo bahari ile ilikuwa na nguvu tele ya kutusaidia. Kilichokosekana ni kuifungulia njia moja na kuizibia nyingine zote.

Jumamosi ya kwanza nililizungusha gurudumu kwa mkono hadi bega likaniuma, na hakikutoka kitu. Baba akaniamuru niutoe mpira wa kuingizia maji, niulowanishe mdomo wangu, niubandike kwenye tundu, nizungushe polepole. Nikaona mdomo unavutwa, halafu unapulizwa. “Inavuta na kupuliza?” aliuliza. “Basi ya chini haikai.” Tukafungua. Gololi alizokuwa ameweka zilikuwa za beringi ya baiskeli, na kwa kulala muda mrefu zilikuwa zimeshika kutu, nayo kutu imeacha doa juu ya ukingo zinapoketi. Hapo ndipo mama alipoleta chupa zake mbili tupu za losheni. Ukingo tuliutengeneza kwa njia ya karakana: gololi mpya ya baiskeli huwekwa juu ya tundu, juu yake kijiti cha shaba, kisha nyundo ndogo, pigo moja tu. Gololi ile ngumu huchora duara safi kwenye shaba laini, nayo hutupwa, na mahali pake huwekwa ile isiyoshika kutu. Baba alinishika kifundo cha mkono nilipoinua nyundo, si kwa kuniongoza, ila apate kuupima uzito wa pigo. Alisema, “Inatosha,” kabla sijapiga la pili.

Jumamosi mbili zikapita katika pakingi, yaani nyuzi zinazokizunguka kijiti pale kinapoingilia. Maji yalianza kupanda mpirani yakifuatana na mapovu, nasi hatukujua mapovu yanaingilia wapi. Baba akaniambia nidondoshe tone la mafuta ya kupikia kuzunguka kijiti. Nikazungusha. Tone likanyonywa likatoweka. Hapo pakawa pamepatikana. Uzi wa katani tuliojaribu ulikuwa mkavu na mnene mno kwa kijiti chembamba hivyo. Tukasokota uzi wa pamba, tukaupaka grisi, tukaufunga mizunguko mitatu na kuikaza nati kwa vidole tu. Nati hiyo ikikazwa kwa spana, kijiti hukwama na gurudumu huzunguka kwa taabu. Jambo dogo, lakini limetula saa nyingi kuliko yote.

Jumamosi ya nne pampu ilitoa maji ndani ya kikombe. Nilihesabu mizunguko 100, nikayapima maji kwa bomba la sindano la mililita 20: yalikuwa mililita 18. Kwa hesabu ya ujazo wa kijiti yangekuwa 22 na nusu, na hasara ya kiasi hicho kwa pampu ya kienyeji si aibu. Mama alipiga kigelegele. Mimi nilikwisha kufungasha mkoba wangu moyoni. Baba akasema, “Hiyo ni pampu ya kujaza kikombe.”

Akaniagiza kuleta pampu ya baiskeli. Tukaijaza boila hewa mpaka geji ikasoma kilo 2, ile presha itakayokuwamo mvuke ukipanda, tukaunganisha pampu yetu isukume maji humo. Hata tone halikuingia. Nilizungusha mara 300. Gololi hazikuwa na doa, pakingi haikunyonya mafuta, mpira haukuwa na tundu. Jumamosi hiyo ikaisha hivyo, na nilirudi Dar es Salaam na kimya ambacho abiria mwenzangu alidhani ni cha msiba.

Jumamosi iliyofuata baba alikaa mwenyewe kwenye kigoda, akaliweka gurudumu la cherehani kati ya vidole vyake, akalizungusha taratibu sana, jicho limefumbwa ingawa halikuwa na haja ya kufumbwa. Akalipeleka nusu mzunguko, akaliachia. Gurudumu likarudi nyuma lenyewe kidogo. Akarudia. Likarudi tena. Akaniita nami niweke vidole. “Maji hayafinyiki,” akasema. “Kinachokurudisha ni springi. Humu mna springi.”

Springi hiyo ilikuwa hewa. Kile kipande cha shaba baba alikuwa amekipata kwenye koki kuukuu, nacho kilikuja na tundu lake refu tayari. Kijiti kinapofika mwisho wa pigo bado mbele yake kulibaki nafasi yapata mara tatu ya ujazo wa pigo zima. Nafasi hiyo ikiwa na hewa, kijiti huifinya kwa robo tu, na presha yake hupanda kwa theluthi. Theluthi haitoshi kuinua gololi ya juu iliyolaliwa na kilo 2. Basi hewa hufinywa, hutanuka, hufinywa, hutanuka, papo hapo, kutwa kucha, na maji hayana pa kuingilia. Kikombe hakikuwa na presha, ndiyo maana mbele ya kikombe pampu ilijionyesha nzima.

Hapa naomba nikupeleke mbali kidogo. Pampu kubwa ya kisima ikiwa na tone la hewa hailitambui. Yetu, tone hilohilo ni pigo zima. Kitu kidogo si kitu kikubwa kilichopunguzwa, na mtu mmoja aliyelijua hilo vyema alikuwa James Watt. Mwaka 1763 fundi huyo wa vyombo vya vipimo alipewa na Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Uskoti, mfano mdogo wa injini ya Thomas Newcomen autengeneze. Injini zile zilikuwa zikitoa maji migodini Uingereza tangu mwaka 1712. Lakini mfano ule ulipiga mapigo machache ukasimama, na fundi wa London aliyepelekewa kabla yake hakuuponya. Watt akaona kwamba silinda ikipunguzwa, ngozi yake hupungua polepole kuliko tumbo lake, hivyo mvuke mwingi hupotea kwa kuipasha moto ile ngozi. Kwa kusumbuliwa na kitu kidogo akagundua hasara iliyokuwa imejificha ndani ya kikubwa, na mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni. Mfano wenyewe ungali umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la chuo hicho. Nilimsimulia baba habari hii huku nikipiga tupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tupa yangu inapanda upande wa kushoto.

Nilikuwa nikichonga kipande cha shaba cha kurefushia ncha ya kijiti, kiijaze ile nafasi. Tulitaka ibaki nusu milimita tu. Ili kuipima, baba aliniambia nidondoshe nta ya mshumaa chini ya tundu, nikisukume kijiti hadi mwisho, nikitoe, niutazame unene wa nta iliyobanwa. Ilikuwa milimita 2, ikawa moja na nusu, ikawa moja. Kila nilipochonga nilimpa aguse, naye alipitisha ukucha juu ya shaba akanirudishia bila neno, au na neno moja: bado. Mara ya tisa hakunirudishia. Alikishika kipande kile kwa muda, akakitia mfuko wa shati, akaagiza chai.

Jambo la pili tulilofanya ni kutia kikoki kidogo kwenye bomba la kutolea maji, chenye njia ya kurudi kwenye kopo. Koki hiyo ikiwa wazi, pampu haikuti presha yoyote mbele yake, hivyo huitema hewa yake yote kwa mapigo machache, kama ile chupa ya losheni. Mpirani yakishaonekana maji matupu, unaifunga polepole, na pampu iliyojaa maji hulazimika kuyapeleka boilani. Kwa kuwa pampu hutoa maji maradufu ya yale injini inayokula, koki ndiyo pia inayopima kiasi cha kuingia.

Jumamosi ya saba tuliijaza tena boila hewa, kilo 2. Nilizungusha nikiwa nimefungua koki mpaka mapovu yakaisha, nikaifunga. Gurudumu likawa gumu mkononi, ugumu wa kitu kizima, bila kurudi nyuma. Ndani ya shaba ikasikika sauti ndogo ya gololi zikiketi, moja halafu nyingine. Katika kioo cha kuonyeshea maji, usawa ukapanda kwa unene wa uzi, ukapanda tena. Nilifungua kinywa kumwambia, naye akainua mkono ninyamaze. Alikuwa akizisikiliza.

Siku hiyohiyo moto ukawashwa, kwa mara ya kwanza. Mvuke ulichukua dakika 20 kupanda, na mama alikuwa amekaa mlangoni, tarehe ya hospitali ameikunja ndani ya pindo la kanga. Injini ilisita mara moja, ikatema maji kwenye silinda, ikashika. Ilipita dakika ya 10, ikapita ya 15, na maji katika kioo hayakushuka. Bali yalikuwa yakipanda. Baba hakuyaona. Alikuwa ameinamisha sikio upande wa pampu.

“Fungua koki kidogo, mama,” akaniambia. “Inakunywa kupita kiasi.”